Silinda ya tatu inamisi, na fundi anasema ninunue injini

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina Toyota Probox ya mwaka 2012, injini ya 1NZ, naitumia kubebea mboga na matunda kutoka Kongowea kupeleka Mtwapa. Tangu mwezi jana, gari likisimama kwenye foleni linatetemeka mpaka dashibodi inagonga. Nikilipakia mzigo nikakanyaga mafuta, taa ya injini inawaka na kuzima, halafu nasikia harufu ya petroli. Lilianza baada ya kuoshwa injini. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne, haikusaidia. Wa pili akapima kwa kompyuta, akapata namba ya hitilafu P0303, akaniwekea koili ya mtumba kwenye silinda ya tatu. Likakaa sawa siku mbili, likarudi vilevile. Wa tatu ananiambia injini imekwisha, nitafute nyingine ya kutoka Japani. Mengine sina shida nayo, ila kila wiki naongeza maji kidogo kwenye rejeta. Nifanye nini, na je, naweza kuendelea na kazi mpaka mwisho wa mwezi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Injini usinunue kwanza. Katika hao mafundi watatu hujataja hata mmoja aliyepima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, na bila kipimo hicho mtu hana haki ya kusema injini imekwisha. Wa kwanza alibadilisha plagi kwa sababu plagi ndizo rahisi kubadilisha. Wa pili alisoma namba akaifanya kuwa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Wa tatu alichoka kabla ya kuanza. Wote walikimbilia kubadilisha. Hakuna aliyejaribu kuhamisha, na kuhamisha ndiko kunakotoa jibu, tena bure.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo la haraka. Kuendelea na kazi mpaka mwisho wa mwezi, hapana, si kwa hali hiyo na si kwa mzigo. Taa ya injini ikiwaka ikatulia, kompyuta imeona jambo na inataka ukapime ukipata nafasi. Ikipepesa unapokanyaga mafuta, hiyo ni habari nyingine: wakati huohuo kuna petroli inayotoka kwenye silinda bila kuungua, inakwenda kuungulia kwenye katalaiza. Katalaiza ni kauri yenye vitundu vidogo vidogo iliyofungiwa ndani ya bomba la moshi. Ikilishwa petroli mbichi, joto lake hupanda mpaka kauri inayeyuka na kuziba njia, na hapo gari litakosa nguvu hata kama silinda zote nne zimepona. Hii ni kama bado unayo. Magari mengi hapa mjini yalishang'olewa katalaiza zao zikauzwa kwa ajili ya platinamu na paladiamu iliyomo. Petroli nyingine inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuteremka chini kuchanganyika nayo. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, ukishatengeneza gari badilisha oili hata kama kilomita zake hazijafika.

Ikikubidi kulisogeza gari mpaka gereji, chomoa soketi ya nozo (ile inayorusha petroli) ya silinda ya tatu, usichomoe ya koili. Wengi huchomoa koili wakidhani wameipumzisha silinda, kumbe petroli inaendelea kurushwa humo na cheche ndiyo haipo kabisa. Nozo ikikosa umeme, silinda inavuta hewa tupu na kuitoa hewa tupu. Gari litatetemeka vilevile lakini hutaunguza kitu. Shusha mzigo, zima AC, nenda taratibu.

Sasa hiyo P0303. Kuna sensa kwenye injini inayosoma meno ya gurudumu linalozunguka pamoja na krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Silinda ikiwaka, krenki inasukumwa na kuongeza mwendo kidogo sana. Isipowaka, ndiko kumisi, krenki inachelewa. Kwenye 1NZ silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na injini ikinguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 350 katika dakika hiyo. Kompyuta inajua sasa ni zamu ya nani. Krenki ikichelewa tena na tena kwenye zamu ya silinda ya tatu, inaandika P0303. Inajua hilo tu. Haijui kama kilichokosekana ni cheche, au petroli, au kama hewa inavuja kwenye valvu. Anayesoma P0303 akasema koili, amekisia. Hakukisia vibaya, kwa sababu koili za injini hizi hufa kweli, lakini bado ni kukisia, na wewe ndiye uliyelipa.

Tena kuna jambo la kumuuliza kwa adabu yule fundi wa pili: alihesabu kuanzia upande gani? Ukisimama mbele ya boneti ukaitazama injini ya Probox, mikanda iko mkono wako wa kushoto, upande wa dereva. Silinda ya kwanza ndiyo ya upande huo wa mikanda, ya nne ndiyo iliyo karibu na gia. Ukihesabu kuanzia upande wa gia, ile utakayoiita ya tatu ni ya pili. Nimeona koili nzima zikitupwa kwa sababu hiyo. Muulize pia kama mashine ilionyesha namba nyingine yoyote, hasa P0353. Hiyo inahusu umeme wa koili ya tatu na nyaya zake, na kama ilikuwepo, nusu ya kazi imekwisha.

Hizi siku mbili za uzima ndizo zilizonifanya nikujibu kwa urefu. Koili mbovu ikitolewa, ikawekwa nzima, gari hupona likabaki limepona. Koili ya mtumba nayo ingekuwa imekufa, gari halingepona hata saa moja. Kupona siku mbili halafu kurudi palepale kunanifanya nishuku kile alichokigusa fundi alipokuwa akibadilisha koili. Alivuta soketi akairudisha. Alichomoa mpira wa koili kwenye tundu la plagi, ukapata hewa, ukakauka. Unaona? Inawezekana kabisa kwamba kilichokuponya siku zile mbili ni kule kuvuta na kurudisha soketi, kulikokwangua kutu kwenye pini, na koili haikuhusika.

Sisi wa Mombasa tuna adui ambaye fundi wa Nairobi hakutani naye mara kwa mara: hewa ya chumvi. Soketi ya koili kwenye 1NZ ina pini nne. Moja inaleta umeme, moja ni athi, moja inaleta amri kutoka kwa kompyuta, na ya nne inarudisha jibu kwamba cheche imepigwa. Pini hizi ni nyembamba. Ivute soketi ya silinda ya tatu uichungulie kwa tochi, ulinganishe na ya silinda ya kwanza. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye pini moja, au pini moja imetanuka kuliko wenzake, umempata mtuhumiwa mkubwa. Angalia pia kile kidole cha plastiki cha kufungia. Joto la injini hukikausha mpaka kinavunjika kama biskuti, na fundi mwenye haraka anairudisha soketi bila kufunga. Hapo gari likitikiswa na mashimo ya barabarani, soketi inarudi nyuma kidogo na mguso unapotea.

Kipimo chake ni rahisi. Washa injini, liache gari lingurume, ishike ile soketi na nyaya zake uzitikise polepole huku na huku. Mngurumo ukibadilika, ukipona au ukizidi kuharibika, basi jibu liko mkononi mwako. Mikono iwe mikavu na usiiguse koili yenyewe, kwa sababu koili ikivuja inapiga vibaya, na anayerushwa na umeme huo huenda mkono wake ukaangukia kwenye feni.

Matengenezo yake ni kazi ya fundi wa waya. Kutu ikiwa kidogo, sprei ya kusafishia viunganishi vya umeme na kuibana pini ishike vizuri inatosha. Ikiwa imekula chuma, kata soketi uweke nyingine yenye vipande vyake vya waya, hata iliyotolewa kwenye gari la kuvunjwa, mradi pini zake ni safi. Waya ziungwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Ule mtindo wa kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi, kwa pwani yetu, unakupa miezi michache tu kabla ya kijani kurudi ndani ya tepu.

Hapo utaona pia kwa nini ushauri wa injini nyingine unanikera. Injini ya kutoka Japani ikifika inafungwa kwenye nyaya za gari lako. Soketi ya silinda ya tatu ni ileile. Ungelipa injini, ukalipa kazi ya kuteremsha na kupandisha, ukaenda kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku kwa watu wa NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani, halafu gari lingemisi silinda ya tatu.

Lakini umeandika kitu kimoja kama cha kupitia tu, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi: kila wiki unaongeza maji. Rejeta iliyo sawa haiongezwi maji kila wiki. Maji hayo yanakwenda mahali. Huenda ni mpira wa rejeta unaotoa jasho, au pampu ya maji, au kifuniko cha rejeta kilicholegea, na hayo ni mambo madogo. Huenda pia ni gasketi ya hedi (hedi ni kile chuma kinachofunika silinda kwa juu) inayopitisha maji kwenye silinda ya tatu. Kwa hiyo kabla hujagusa koili wala soketi, pima hili kwanza, asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha na iko baridi kabisa.

Fungua kifuniko cha rejeta. (Injini ikiwa na moto usithubutu, maji yatakurukia usoni.) Jaza maji mpaka mdomoni, mwambie mtu awashe gari, wewe tazama. Povu dogo la mwanzo si kitu. Mapovu yanayokuja mfululizo kwa mpigo, au maji yanayosukumwa juu ndani ya dakika ya kwanza wakati injini bado baridi, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Angalia na bomba la moshi: gari likimisi vibaya sana sekunde chache za kwanza asubuhi, likatoa moshi mweupe mzito, kisha likatulia, maji yalikuwa yameteremka kwenye silinda usiku. Ushahidi wa tatu ni plagi yenyewe. Plagi ya silinda inayokunywa maji hutoka imesafishika kuliko wenzake, kauri yake nyeupe kama imepigwa mvuke. Wewe plagi zako ni mpya kiasi, kwa hiyo tofauti hiyo itaonekana vizuri.

Na nakuuliza, maji unayoongeza ni ya wapi? Kama ni ya kisima, acha leo. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi; kila mtu anayajua kwa sabuni isiyotoa povu. Maji hayo ndani ya injini yenye hedi ya alumini yanaila ile alumini kuzunguka matundu ya maji, na ikishaliwa hapo gasketi haina pa kukaa, hata ukiweka mpya. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya kutilia betri. Ni ghali kuliko maji ya ndoo, lakini hedi ni ghali zaidi.

Tuseme mapovu hakuna. Sasa nenda kwenye koili na plagi. Injini iwe baridi. Kabla ya kutoa chochote, puliza kwa kompresa kuzunguka koili zote nne, kwa sababu mchanga uliokaa pale juu utaangukia ndani ya silinda plagi ikitoka. Kila koili imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Itoe ya tatu polepole ukiizungusha kidogo, usiivute kwa nguvu, mpira wake hukatika ukabaki chini.

Tazama ule mpira. Ukiwa umelowa oili nyeusi, gasketi ya kava ya juu ya injini imekufa pamoja na raba zinazozunguka matundu ya plagi, na oili imejaa ndani ya matundu hayo. Cheche hupenda njia rahisi. Itapita kwenye mpira uliolainishwa na oili na kwenda kwenye chuma cha hedi badala ya kuruka kwenye plagi. Ukiwa umelowa maji, basi ni ile kuoshwa injini: mashine za kurusha maji kwa nguvu hupitisha maji mahali ambapo mvua ya masika haiwezi kuyafikisha. Ukiwa mkavu, uinamishe kwenye mwanga utafute mstari mwembamba, wa kijivu au mweusi, unaoteremka urefu wa mpira kama ulichorwa kwa penseli. Utafute pia ubavuni mwa kauri nyeupe ya plagi. Mstari huo ni njia ya umeme unaovuja. Ukishachorwa haufutiki, mpira na plagi vinabadilishwa pamoja, maana ukibadilisha kimoja, kile cha zamani kitauchora mstari kwenye kipya. Hii nayo inaeleza vizuri kwa nini gari hupona siku chache kisha likarudia. Ndani ya mpira kuna springi. Iwe imenyooka na isiwe na kutu.

Usijisumbue kupima koili hizi kwa mita ya ohm. Zina kifaa chao cha kielektroniki ndani, na namba utakazopata hazitakwambia kama koili ni nzima au mbovu. Fundi akikuonyesha mita na kusema "unaona, hii imekufa", muulize ya silinda nzima inasomaje.

Toa plagi zote nne, uzipange kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia ya mchanga ni afya. Iliyolowa petroli inanuka na inang'aa: cheche haikuwepo. Nyeusi kavu yenye masizi: petroli nyingi au cheche dhaifu. Yenye oili iliyoganda: ringi au raba za valvu. Iliyooshwa nyeupe: rudi kule kwenye maji. Plagi ya tatu ikifanana na wenzake watatu kabisa, hilo nalo ni jibu, linakwambia silinda hii inawaka sehemu kubwa ya wakati na tatizo linakuja na kuondoka. Pima nafasi ya kurukia cheche. Kwa 1NZ ni milimita 1.1. Na uzitazame kwa jicho la shaka. Plagi feki zimejaa madukani, maandishi yake yamefifia, uzi wake una mikwaruzo, zikija kwenye boksi safi kuliko za kweli.

Kisha fanya kuhamisha, na ukihamisha kwa akili, mzunguko mmoja wa barabarani unatosha. Koili iliyokuwa kwenye silinda ya tatu ipeleke ya kwanza, ya kwanza ije ya tatu. Plagi iliyokuwa ya tatu ipeleke ya nne, ya nne ije ya tatu. Plagi uianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo utie spana. Hedi ni alumini na uzi wake haukubali ubishi. Futa namba kwenye kompyuta, ulitembeze gari mpaka lianze kumisi, usome tena, pamoja na zile namba zinazosubiri ambazo hazijawasha taa. Ukipata P0301, tatizo limehama na koili: nunua koili moja, si nne. Ukipata P0304, limehama na plagi. Ukibaki na P0303, koili na plagi zote mbili hazina hatia, na umebakiwa na soketi, nozo, au silinda yenyewe. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi havisikilizani na gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo tafuta mwenye mashine inayoisoma Toyota hasa.

Kuhusu petroli sitakuchosha. Petroli chafu inaingia silinda zote nne, na kompyuta huandika P0300 au namba zinazobadilika kila siku. Haichagui ya tatu peke yake. Najua hapa kila gari likigonga, watu husema limetiwa mafuta taa. Mchezo huo ulikuwepo kweli, ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha, lakini kwa kesi yako uweke kando. Kinachowezekana ni nozo moja. Weka ncha ya bisbisi ndefu juu ya nozo, mpini sikioni, injini ikinguruma: kila nozo itatoa mlio wa haraka wa tik-tik-tik. Isiyolia, angalia soketi yake kwanza, kutu ileile ya chumvi inaweza kuwa hapo, kisha linganisha ohm zake na za nyingine tatu; hii ya nozo mita inaweza kuipima, na zote nne zinatakiwa zikaribiane. Inayolia lakini bado unaishuku, ihamishie silinda nyingine kama ulivyofanya koili, ukiweka raba mpya, kwa sababu raba ya zamani ikirudishwa ndipo petroli inapovuja juu ya injini yenye moto.

Yote hayo yakishindwa, ndipo kompresheni. Plagi zote zitolewe, soketi za nozo na koili zichomolewe, betri iwe imeshiba, kanyagio la mafuta likanyagwe mpaka chini, kisha stata izungushe sekunde chache kwa kila silinda. 1NZ nzima inatoa karibu psi 210. Chini ya psi 155 hivi ni ugonjwa, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya psi 14. Ya tatu ikiwa chini peke yake, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Ya tatu na jirani yake zikiwa chini zote mbili, gasketi imekatika katikati yao.

Hata hapo hukumu ya injini nyingine bado haijafika. 1NZ haina tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Nafasi ya valvu inapimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa za kutoa moshi. Valvu ikikosa nafasi haifungi kikamilifu, kompresheni inapungua, na dawa yake ni tapeti moja ya unene unaofaa. Gasketi ya hedi ni hedi kushushwa, kupimwa kama imepinda, kusawazishwa na kurudishwa. Ni pesa, sikatai, lakini unakuwa unaijua injini yako, wakati ile ya kutoka Japani huna habari zake zaidi ya maneno ya muuzaji.

Ningepewa mimi gari hili, ningeweka dau langu kwenye soketi au mpira wa koili, kwa sababu ya zile siku mbili na kwa sababu lilianza baada ya kuoshwa. Maji ya rejeta yanaweza kuwa tatizo la pili lisilohusiana, linalotaka mpira mpya na klampu. Lakini dau si kipimo, kwa hiyo fuata mpangilio: maji asubuhi, soketi, mpira, kuhamisha, nozo, kompresheni. Mwambie fundi unalipia upimaji kwanza na spea baadaye. Mwenye kujiamini atakubali.

Gari likishapona, futa namba zote, kisha ulijaribu kwa njia yako ya kila siku mpaka Mtwapa, na mzigo nusu, AC imewashwa, kwa sababu kumisi kwa kunyemelea hakujitokezi gari likiwa tupu. Soma tena kompyuta ukirudi. Injini ikitaka kuoshwa, ioshwe kwa kitambaa na brashi yenye sabuni, maji kidogo, koili zimefunikwa kwa nailoni, na kompresa ipulize matundu kabla ya kuwashwa. Na ukifika kwenye kompresheni, niandikie namba zote nne kwa mpangilio, pamoja na matokeo ya kile kijiko cha oili, nitakwambia kama hedi ishuke.